Ya Pili Unapewa Bure

Kwa wale waliokosa kunisoma wiki iliyopita nitafupisha, maana mambo yenyewe hayana raha ya kurudiwa. Duara la mume wangu Mabula, shimo lao la kuchimbia dhahabu hapa Mwakitolyo, lilititia. Mabula alikuwa amepanda juu kuchukua miti ya kuzuia kuta zisibomoke. Rafiki yake Luka alibaki chini. Walipomfikia hakuwa na uhai.

Tulimzika Jumamosi. Makaburini hakuna aliyempa Mabula mkono. Watu waliitazama bangili aliyovaa, wakanong'ona neno moja ambalo huku machimboni ukishabandikwa halibanduki: ndagu. Ile dawa ya utajiri ambayo ili ikulipe ni lazima umtoe mtu wako wa karibu.

Niliishia pale Mzee Magesa, kamanda wa sungusungu, aliposimama mlangoni pa banda langu la chakula.

"Mama Vumilia," aliniambia, "mumeo anasema hiyo bangili ulimletea wewe, kwa mganga wa Kishapu. Kesho asubuhi tunakwenda huko, huyo mganga aseme alikupa nini. Utatuonyesha njia."

Nami nikajibu, "Sawa, mzee."

Sawa nini? Mganga mwenyewe hayupo. Hajawahi kuwepo. Leo nasema yote, na wa kunicheka anicheke, nimeshazoea.

Bangili ile niliinunua kwenye televisheni.

Kuna chaneli inaitwa Soko Sebuleni, inauza vitu kutwa kucha. Televisheni ya bandani niliiweka kwa ajili ya wachimbaji, wale wali huku wanatazama mpira. Lakini asubuhi, wakishashuka maduarani, mtazamaji ninabaki mimi. Ninakaa na ungo wangu wa mchele, mikono inachambua, macho yako kwenye kioo. Dada anayetangaza ana kucha ndefu na sauti ya kubembeleza. Akikwambia "mama, unateseka bure," unajiona kweli ulikuwa unateseka.

Nilianza na kikaango kisichoshika. Kikashika. Nikanunua mkanda wa kupunguza tumbo, tumbo likabaki palepale, nikapata upele. Kikaango Mabula alikicheka. Mkanda hakuucheka.

"Mama Vumilia," aliniambia, "hao watu wa kwenye kioo hawakujui, na wala hawataki kukujua. Siku nikikuta kingine humu ndani, hiyo televisheni naitupa duarani."

Mabula ni mpole, lakini akishasema amesema.

Basi mkono wake wa kulia ukaanza kumuuma, hapa kwenye kifundo. Kazi yake ni kupiga nyundo kwenye mwamba kuanzia asubuhi, na mkono nao ni nyama. Zahanati walimpa vidonge, vidonge vikaisha, maumivu yakabaki. Alikuwa hali vizuri. Alijua mkono ukikataa kabisa, nafasi yake duarani anapewa mwingine, na sisi tutarudi kijijini kulima pamba kwenye ardhi isiyoona mvua.

Ndipo yule dada akaitoa bangili ya sumaku. Rangi ya shaba, na vidoa viwili vyeusi kwenye ncha. Wakamleta baba mmoja mtu mzima, anakunja vidole, anakunjua, anacheka. Nikamwona Mabula palepale. Ningefanyaje? Nikapiga namba.

Kifurushi kilikuja na basi mpaka stendi ya Shinyanga mjini. Banda siwezi kuliacha, na Mabula siwezi kumtuma. Nikamtuma Luka, maana alikuwa anakwenda mjini kununua betri za tochi. Akaniletea ndani ya mfuko wa vitunguu, anacheka mwenyewe.

"Shemeji, siku Mabula akijua, mimi simo."

"Funga mdomo wako," nikamwambia.

"Nimefunga."

Alikuwa mtu wa utani, Luka. Na mdomo kweli aliufunga.

Hapo kwenye kifurushi kuna jambo nimeliruka. Sijalisahau. Litanifikia lenyewe.

Shida ikawa namna ya kumpa Mabula. Bangili ya televisheni asingeivaa hata ungemfunga kamba. Lakini Mabula huyuhuyu, akiambiwa ni dawa ya mganga, hata iwe chungu kama shubiri anameza na kushukuru. Ndivyo tulivyolelewa. Kitu kikitoka kwa mganga hatuulizi kimetengenezwa wapi.

Boksi nikalichomea jikoni. Ujumbe wa simu nikafuta wote. Nilipokwenda Kishapu kumsalimu mama yangu, nikaipaka ile bangili samli na majivu, nikaifunga kwenye kitambaa cheusi, nikarudi nayo.

"Nimekuletea dawa," nikamwambia. "Kuna mzee mmoja huko, mbele ya Mhunze. Hapokei watu hovyo."

Akaipokea kwa mikono miwili. "Masharti yake?"

Loo, masharti. Sikuwa nimeyafikiria. Lakini dawa isiyo na masharti nani ataiamini? Nikatoa la kwanza lililonijia mdomoni.

"Usiivue. Ukiivua, mkono unakauka."

Ndugu zangu, hilo ndilo neno lililotuponza.

Maumivu yakapungua. Kama ni sumaku au ni imani, mimi si daktari. Mabula akawa anawaonyesha wenzake: "Mnaiona? Ya mganga wa Kishapu hii, mke wangu kanitafutia." Wakati uleule duara likaanza kutema, wakaupata mwamba wenye dhahabu. Watu wakafurahi naye. Kisha likatitia, Luka akafa, na furaha yao ikageuka hesabu.

Wakamwambia, "Ivue tuione." Akakataa. Yeye aliogopa mkono kukauka, wao wakaona anaficha.

Bangili haivuliwi. Mganga hajulikani. Mali imeonekana, rafiki kafa. Hata mimi ningekuwa jirani tu, ningesema ni ndagu.

Asubuhi ile ya safari ya Kishapu nilimkuta Mabula amekaa kwenye gogo nyuma ya banda, amevaa shati lake la kanisani. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaitika bila kuinua uso.

"Mlete yule mzee," aliniambia. "Mbembeleze. Mwambie mimi nitamfuata magoti nikitakiwa. Wakinitenga, Vumilia atachota maji kisima gani? Nani atampa moto?"

Mnaojua sungusungu mnajua kutengwa ni nini. Hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukuuzia chumvi, hakuna wa kukuzika. Na hayo ni kama watu wakitii. Wasipotii, wanakuja na mawe.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaliangalia lile shati lake la kanisani, nikashindwa. Nimejilaumu mengi, lakini hilo ndilo linaniuma zaidi. Alistahili kulisikia kwangu kwanza, tukiwa wawili.

Wakaja. Wanaume na fimbo zao, filimbi shingoni. Wakajaa kwenye mabenchi yangu, wengine wakasimama nje. Nyuma yao alikuja Mbuke, mjane wa Luka, ameshikwa mkono na wifi yake Swaumu. Walimwambia abaki matangani, akakataa. Alitaka kumsikia huyo mganga kwa masikio yake.

Mbuke na mimi tulikuwa tunachota maji pamoja. Siku ile hakunitazama.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia Mzee Magesa.

"Marahaba. Pikipiki ziko tayari."

"Hatwendi, mzee. Hakuna mganga."

Kisha kijana mmoja wa duara la jirani akamkamata Mabula ukosi wa shati.

"Si tulisema? Si tulisema?"

"Mwache," Mzee Magesa akasema. "Mwanamke hajamaliza."

Nikamaliza. Nilisema yote, kikaango, mkanda, samli, majivu, sharti la mkono kukauka. Nilisema nikiwa nawatazama wao, maana Mabula sikuweza kumtazama.

Nilipofika kwenye televisheni wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya.

"Anamkinga mumewe," mmoja akasema.

"Leo ndagu inauzwa na televisheni? Tutasikia mengi."

"Boksi lake liko wapi?" Mzee Magesa akauliza.

"Nilichoma."

"Ujumbe wa simu?"

"Nilifuta."

"Aliyekuletea?"

"Luka," nikasema. "Luka ndiye alikichukua kifurushi stendi."

Mbuke akainua kichwa. Shahidi wangu wa pekee nilikuwa nimemtaja, na alikuwa kaburini. Hata mimi niliposikia maneno yangu niliona hayafai.

Mzee Magesa akakuna kidevu. "Washa televisheni. Kama inauzwa humo, tuione."

"Mzee, hawaonyeshi kwa kutaka kwako. Wanazungusha vitu vingi."

"Hatuna haraka. Ng'ombe wanachungwa na watoto."

Basi tukakaa. Sungusungu wa Mwakitolyo, fimbo katikati ya magoti, wanatazama Soko Sebuleni. Yule dada akapasua yai kwenye kikaango, yai likateleza.

"Ndicho ulichonunua?" Mzee Magesa akaniuliza.

"Ndicho."

"Hakishiki?"

"Kinashika, mzee."

Wakaguna. Ukaja mkanda wa tumbo, yakaja mashuka, ikaja ngazi ya kukunja. Mzee mmoja akauliza kama ngazi ile inaweza kuteremshwa duarani, Mzee Magesa akamtazama, akanyamaza. Ningeweza kucheka kama ingekuwa siku nyingine.

Mabula hakutazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi.

"Uliniambia mkono utakauka," akasema kwa sauti ya chini.

"Nisamehe, Baba Vumilia."

"Pale kaburini walinitemea mate miguuni. Ningeivua tu, ningewapa, yakaisha. Sikuivua kwa sababu yako."

"Najua."

"Hujui," akasema.

Yule dada akaondoa ngazi. Akapapasa mezani kwa kucha zake, akainua kitu, kamera ikasogea.

"Mama, baba, unateseka bure na maumivu ya viungo."

Ilikuwa ile. Rangi ya shaba, vidoa viwili vyeusi kwenye ncha. Akaja yule baba mtu mzima, akakunja vidole, akakunjua, akacheka.

Mzee Magesa akasimama. "Mabula, lete mkono."

Akaushika mkono wa mume wangu akausogeza mpaka karibu na kioo, akawa anatazama huku, anatazama kule, huku, kule. Mpaka akaigusa ile ya kwenye kioo kwa kidole.

"Ni hiyohiyo," akasema. Akaishusha fimbo yake chini. "Jamani, hii ni bidhaa. Ndagu haipigiwi mnada na msichana mwenye kucha. Huyu mama ni mwongo, tutamtafutia adhabu yake ya uongo. Lakini Mabula hana kosa. Duara lilianguka kwa sababu maduara huanguka."

Yule kijana aliyemkamata ukosi akamnyoosha kola kwa aibu. Mwingine akampa mkono. Mkono wa kwanza tangu msiba. Mabula akaupokea, akaushikilia muda mrefu. Mimi nikalia. Nililia kwa sauti bila haya. Nilikuwa nimemwokoa mume wangu, kwa kitu kilekile nilichomponzea.

Rimoti ilikuwa mapajani mwangu. Ningeizima pale, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

"Na si hivyo tu," yule dada akasema. "Ukinunua moja, ya pili unapewa bure. Moja yako, moja ya yule umpendaye."

Nikaishika rimoti.

"Acha," Mzee Magesa akasema.

Alikuwa hajakaa. Aliwachunguza watu, akanichunguza mimi. Mzee yule amesikiliza kesi za wizi wa ng'ombe tangu ujana wake, na neno halimpiti.

"Mama Vumilia, wewe ulipewa ngapi?"

"Nilinunua moja, mzee."

"Sijauliza ulinunua. Nimeuliza ulipewa ngapi."

"Mbili."

"Ya pili iko wapi?"

Haya, hilo ndilo jambo nililoliruka.

Siku ile Luka aliponiletea kifurushi tulikifungua pamoja, pale jikoni. Tukakuta mbili. Akaishika ya pili akaipima mkononi. "Shemeji, na bega langu je? Au bega la mtumwa haliumi?" Nikampa. Nilimpa kwa sababu alinisaidia, na kwa sababu nilitaka anyamaze. Nikamwambia aivae juu, isionekane, maana Mabula akiona mbili zinazofanana atauliza ni mganga gani huyo anayetoa dawa kwa jozi. Basi. Zaidi ya hapo hakuna, Mungu wangu anajua.

Lakini nilipofungua mdomo kuyasema hayo, Mbuke alikuwa ameshasimama.

Aliuondoa mkono wa Swaumu. Akashika pindo la kanga yake, akaanza kulifungua fundo. Lilikuwa limekazwa, akalifungua kwa meno. Akatoa kitu, akakiweka juu ya meza ninayowekea sahani za wateja.

Rangi ya shaba. Vidoa viwili vyeusi.

"Waliomwosha mume wangu ndio walionipa," akasema. Hakuwa analia, sauti yake ilikuwa kavu. "Walisema ilikuwa juu ya kiwiko, ndani ya mkono wa shati. Nimelala nayo tangu siku ile. Nilifikiri na yeye alikwenda kwa mganga wa Mabula akanificha. Nilifikiri pengine yeye ndiye alikuwa wa kutolewa, ndio maana kawekewa alama."

Akanitazama. Mara ya kwanza tangu tumzike Luka.

"Kumbe ilikuwa zawadi, Mama Vumilia."

"Mbuke, nisikilize."

"Mtu akipewa kitu cha heri, anamficha mkewe cha nini?"

Wanaume wakaanza kutazama chini, kwenye ncha za fimbo zao. Ndagu wanaijua namna ya kuihukumu. Hili la mke wa mtu na rafiki wa mumewe hakuna aliyetaka kulishika, lakini kila mmoja alishalielewa kwa namna yake, na sauti ya yule dada ilikuwa bado masikioni mwao.

"Ni kwa sababu ya bega," nikasema. "Bega lilikuwa linamuuma."

Nilivyolisema, hata mimi nililisikia lilivyo.

Mabula alikuwa amesimama palepale mbele ya televisheni. Akaushika mkono wake wa kulia, akaivuta ile bangili. Ilikwama kidogo kwenye kifundo, akaivuta kwa nguvu, ikatoka. Chini yake ngozi ilikuwa imebaki na alama ya weupe. Akafungua vidole, akafunga, akafungua. Havikukauka.

Akaja mpaka mezani, akaiweka pembeni ya ile ya Luka, akazisawazisha zikawa sambamba.

"Yangu uliniambia ni dawa," akasema. "Yake ulimwambia ni nini?"

Watu wote wakanigeukia. Jibu nilikuwa nalo, tena la kweli, na aliyekuwepo tulipokifungua kile kifurushi tulikuwa tumemzika Jumamosi.